Bandari Ndogo, Wageni Wengi: Siku ya Resi za Mashua na Haki za Wenyeji

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa waja wake wapate kula na kusafiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Pindi maleleji yanapokwisha na kaskazi ikaanza kushika, mazungumzo ya barazani katika miji yetu ya mwambao huelekea kwenye resi za mashua. Vijana huulizana ni nahodha yupi atakayepewa chombo cha mtaa wao. Mafundi huitwa kutia kalafati upya, mama wenye mikono ya mapishi hupokea maagizo ya mahamri na sambusa, na wenye nyumba za wageni huanza kuhesabu vyumba. Ni msimu wa furaha, na furaha ya halali ni neema miongoni mwa neema.

Lakini liko swali ambalo haliulizwi sana. Baada ya matanga kutuliwa, zawadi kugawanywa na wageni kung'oa nanga, bandari yenyewe imebaki na nini? Na ni nani katika nyumba zetu aliyelipia gharama ya siku ile bila kuulizwa? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa mfano wa Lamu, kwa kuwa ndiko resi za mashua zilikojikita zaidi katika pwani ya Kenya. Yatakayosemwa yatawafaa pia watu wa Kilifi, Mtwapa, Shimoni na kila mji wenye gati moja na wageni wengi.

Mchezo wenye asili

Watu wa vyombo wameshindana tangu zamani kwa sababu iliyo wazi: mvuvi wa kwanza kufika dikoni ndiye apataye bei nzuri, na mwenye jahazi anayejulikana kwa mbio ndiye anayetafutwa na wafanyabiashara. Resi ni kazi ile ile iliyovishwa nguo za sikukuu. Ndugu zetu wa Ghuba nao wamefanya vivyo hivyo. Tangu mwaka 1991 huko Dubai hufanyika mashindano yaitwayo Al Gaffal, ambapo majahazi ya futi 60 hutoka kisiwa cha Sir Bu Nair kuelekea mjini, kwa kuikumbuka safari ya kurudi nyumbani ya wazamiaji lulu wa zamani. Kizazi kilichozaliwa katika magari hukumbushwa hapo kwamba babu zao waliishi kwa upepo.

Kwetu Lamu resi huja katika nyakati mbalimbali. Huwapo katika siku za Maulidi, mwezi wa Mfunguo Sita, wakati mji unapowapokea wageni wa Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Huwapo katika tamasha la utamaduni ambalo aghalabu hufanywa karibu na mwezi wa Novemba, pamoja na mbio za punda, kuogelea, bao na mashairi. Na huko Shela huwapo ya siku ya mwaka mpya wa Kizungu. Tangu mji mkongwe wa Lamu kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, macho ya nje yameongezeka, na wageni wanaofika kwa vyombo vyao wenyewe ni sehemu ya macho hayo.

Anayeiona mashua ya Lamu ikishindana hawezi kusema kuwa ni mchezo wa kitoto. Foromali ni ndefu kupita chombo chenyewe na tanga la pembe tatu limejaa upepo. Farumi ya viroba vya mchanga huhamishwa upande hadi upande kila chombo kinapobisha, na vijana hutoka nje ya ubavu kwa ubao mrefu, wakaketi juu ya maji ili uzito wao ukizuie chombo kisipinduke. Penye boya la kugeuzia, kosa la dakika moja huipa mashua ya pili nafasi ya kupita. Elimu hiyo haimo katika kitabu. Imo katika mikono ya manahodha na ya mafundi wa Matondoni, na lau resi zingekoma, sehemu kubwa ya elimu hiyo ingekwenda pamoja nao kaburini.

Sheria haikukataza kushindana. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha watu kwa farasi, na kwamba alishindana mbio za miguu na Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi. Kuhusu zawadi katika mashindano ya vyombo vya majini, wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii walikhitalifiana, na mwenye kutaka undani wake na awaendee wenye elimu. Lisilo na khilafu ni kamari. Kuweka fedha juu ya chombo kitakachoshinda ni haramu, iwe kwa mkono gatini au kwa simu chumbani.

Mlango mmoja, watu wengi

Mkondo ulio baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda ndio barabara kuu ya mji. Humo hupita boti za abiria za Mokowe, boti za uwanja wa ndege wa Manda, vyombo vya mizigo, wavuvi, wanafunzi na wagonjwa. Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini, na wagonjwa wa rufaa kutoka visiwani huletwa kwa maji. Siku ya resi, barabara hiyo hiyo ndiyo inayogeuzwa uwanja wa michezo.

Hapa pana jambo ambalo watu wa bahari hulijua na waandaaji wa mashindano wakati mwingine hulisahau. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asubuhi, yapata saa nne, maji huwa yamekupwa. Vyombo vilivyofungwa mbele ya mji hulala juu ya tope. Maji hujaa tena yapata saa kumi alasiri. Hivyo resi inayohitaji maji mengi huangukia alasiri. Na saa hiyo hiyo ndiyo ya abiria wa Pate na Faza, kwa kuwa njia ya Mkanda kwa miaka mingi imekuwa ikipitika vyema maji yakiwa yamejaa. Saa hiyo hiyo, kadhalika, ndiyo ya sala ya Alasiri. Mambo matatu yamekutana katika saa moja na mlango mmoja.

Tuchukulie mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu huko Siyu, akaandikiwa kwenda hospitali kuu. Boti yake inafika mbele ya mji wakati mashua zimetanda upande hadi upande, boti za watazamaji zimejazana, na ngazi za gati zimezibwa na vyombo vya wageni vilivyofungwa kimoja ubavuni mwa kingine. Nahodha wake azunguke wapi? Ateremshie wapi? Dakika 20 za kusubiri ni kitu kidogo kwa mtazamaji aliye na kofia na soda mkononi. Kwa mama yule zaweza kuwa ni uhai wa watu wawili.

Tumefundishwa mfano mashuhuri katika Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Imam Bukhari, wa watu waliogawana jahazi kwa kura, baadhi yao wakapata juu na baadhi chini. Wa chini walipoona taabu ya kupanda kuteka maji, waliona bora watoboe upande wao. Lau wenzao wangewaacha, wangeangamia wote. Na lau wangewashika mikono, wangeokoka wote. Bandari ndogo ni jahazi la namna hiyo. Mwenye kushindana, mwenye kutazama, mwenye kuvua, mwenye kuugua na mgeni aliyetia nanga wote wamo ndani yake, na furaha ya mmoja haiwi hoja ya kumtobolea mwingine.

Wavuvi nao wana lao. Njia ya resi inapopigwa maboya, mara nyingi hupita mahali palipotegwa dema au palipoenea nyavu. Mvuvi huambiwa aondoe vyombo vyake kwa siku mbili au tatu, na hakuna anayemuuliza nyumba yake itakula nini siku hizo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, vijulikanavyo kwa ufupi kama BMU, viliwekwa na kanuni za serikali za mwaka 2007 ili sauti ya mvuvi isikike katika mambo ya fukwe. Basi na isikike kabla ya ramani ya resi kuchorwa, kwa kuwa baada ya hapo malalamiko hayarudishi samaki.

Riziki huingia, na riziki huvuja

Haitakuwa insafu kuitaja gharama tukaificha faida. Siku za resi, mama anayepika hupata wateja ambao hakuwa nao jana. Mwenye kupaka hina, mwenye kusuka mikeka na makawa, mwenye kushona kofia, mwenye boti ya kubeba watazamaji, kila mmoja ana fungu lake. Fundi wa mashua hupata kazi kabla ya resi na baada yake, na kijana anayejifunza kwake huona kwamba ufundi wa babu yake una heshima machoni mwa watu.

Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kuja kwa mgeni tu; hupona kwa namna alivyojipanga kumpokea. Mgeni anayelala katika chombo chake, akala chakula alichokipakia katika bandari kubwa, akaja gatini jioni kupiga picha na kuondoka, hakuacha kitu mjini isipokuwa taka zake. Na mgeni anayetaka kununua, asipoona bei iliyo wazi wala mahali safi pa kuketi, hurudi chomboni na fedha zake.

Upo pia uvujaji wa ndani. Wiki ya wageni samaki wazuri na kamba huenda hotelini, na mama wa nyumbani hukuta bei ya dikoni imepanda. Anayefaidika ni mmoja, anayekaza mkanda ni mwingine, na mara nyingi mkazaji mkanda ni mjane au mke wa kibarua, ambaye hana chumba cha kukodisha wala boti ya kupandisha watalii. Kamati yoyote ya mashindano inapaswa kulifikiria fungu la watu hawa. Kuwatengea kina mama wa mtaani meza za chakula karibu na gati, kwa ada ndogo au bila ada, kunaleta faida zaidi kuliko hotuba nyingi za kuwasifu.

Mgeni ana haki, na juu yake zipo haki

Mgeni wa chombo ana haki ya kupokelewa kwa ukarimu, na katika dini yetu kumkirimu mgeni kumefungamanishwa na kumwamini Allah na siku ya mwisho. Aliyevuka bahari kwa tanga anafika amechoka na haijui njia. Fungu la mchanga lililohama tangu ramani yake ichapishwe laweza kumkwamisha. Usiku, ngalawa isiyo na taa yaweza kugongwa na chombo chake, na jarife lililotandazwa laweza kujizonga katika rafadha yake. Siku ya resi hufukuzwa mahali alipotia nanga bila kuelezwa aende wapi. Akikanyaga gati, watu watano humzunguka kila mmoja akidai kuwa ndiye mwongozaji wake, na bei ya maji na ya kuvushwa hupanda mara tatu. Huo si ukarimu, na kumpandishia bei kwa sababu tu hajui ni ghushi. Mgeni mmoja aliyedhulumiwa huwasimulia mabaharia wenzake katika kila bandari anayofika.

Juu yake nazo zipo haki za mji. Ya kwanza ni ya chini ya maji. Chombo kilichotia nanga huzunguka kila mkondo unapogeuka, na mnyororo wake hufagia chini kwa duara. Palipo na majani ya bahari, hung'oa malisho ya tafi na kasa. Palipo na matumbawe, huvunja nyumba za samaki zilizochukua miaka mingi kujengeka. Chombo kimoja si kitu, lakini vyombo vingi kwa wiki nzima mahali pamoja huacha jangwa. Dawa yake inajulikana: maboya ya kudumu yaliyofungwa chini kwa uimara, ambayo mgeni hulipia na kujifunga bila kushusha nanga.

Ya pili ni uchafu. Baadhi ya vyombo vidogo vya starehe havina tangi la kuhifadhia maji ya choo. Yatokayo humwagika papo hapo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotulia, na alitahadharisha juu ya kujisaidia mahali pa maji na njiani pa watu. Watoto wetu huogelea mbele ya mji. Kumwambia mgeni kwa adabu kwamba hapa choo hakifunguliwi, na kumwonyesha mahali pa kutumia nchi kavu, ni kumtendea wema yeye na sisi. Bali ili tuwe na uso wa kumwambia hayo, yafaa nasi tuitazame mifereji yetu inayomimina baharini.

Ya tatu ni maji ya kunywa. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, ambako mvua huchujwa na kutuama juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kila tangi la chombo linalojazwa na kila bafu la mgeni ni sehemu ya hazina hiyo hiyo anayoitegemea mama mwenye ndoo. Ni haki basi kwamba maji yanayouzwa kwa vyombo yawe na bei na kipimo chake, na kwamba mji usikae kiu ili sitaha zioshwe.

Ya nne ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Lamu yenyewe imeupa ulimwengu fundisho. Fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa takriban mita 9, kwa tani zipatazo 10 za taka za plastiki, likapambwa kwa ndara zilizookotwa fukweni. Liliingia majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Itakuwa aibu mji uliojenga chombo kwa taka za wengine uwe na fukwe zilizojaa chupa asubuhi ya baada ya resi yake mwenyewe.

Ya tano ni staha. Mgeni anayeteremka mjini kwa vazi la kuogelea, au anayewapiga picha wanawake na watoto bila idhini, aghalabu hufanya hivyo kwa kutojua. Karatasi moja fupi yenye maelezo ya mavazi, nyakati za sala na picha, ikitolewa pale anapofanyiwa taratibu za forodha na uhamiaji, itaondoa ugomvi mwingi. Wengi wao hutii wanapoambiwa mapema na kwa uso mkunjufu.

Fundisho kutoka mto wenye jina la Medina

Katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, upo mji mdogo uitwao Cowes, na mto unaomwagikia bandarini mwake unaitwa Medina. Jina hilo halina uhusiano na mji wa Mtume. Ni la lugha yao ya kale. Tangu mwaka 1826 hufanyika hapo, kila mwezi wa Agosti isipokuwa miaka michache ya misukosuko, mashindano ya vyombo vya tanga yanayovuta mamia ya vyombo. Mji mdogo hujaa hadi ukingoni. Hapana haja ya kuiga kila kitu cha kwao. Mengi ya starehe zao hayatuhusu. Lakini liko jambo moja linalofaa kutazamwa na Mwislamu.

Bandari ya Cowes huendeshwa kwa mfumo wa bandari ya amana. Haina wenye hisa wanaogawana faida. Ada za vyombo vya wageni hurudi kutengeneza bandari yenyewe, na wasimamizi wake wana wajibu wa kuwaangalia wote wanaoitumia. Msomaji wetu atatambua mara moja jina la jambo hilo kwa lugha yetu. Ni tabia ya wakfu: asili hubaki, manufaa hutumika, na hakuna anayeimiliki peke yake. Mababu zetu waliweka wakfu visima, misikiti na mashamba. Sheria za nchi zina utaratibu wake kuhusu bandari, na mamlaka ni ya serikali na Halmashauri ya Bandari. Hata hivyo, hakuna kinachoizuia kamati ya resi kuamua kwamba sehemu maalumu ya ada za washiriki, za wafadhili na za vyombo vya wageni itarudi kwenye gati, ngazi, maboya, taa na usafi wa ufukwe, na kwamba hesabu yake itabandikwa hadharani mtu yeyote aisome.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno haya. Resi inayoacha ngazi moja imetengenezwa, boya moja limefungwa na vyoo viwili vya wanawake vimejengwa karibu na gati ni resi iliyolipa kodi ya nyumba iliyolala. Resi inayoacha picha nzuri na chupa ufukweni imeondoka na deni, na deni hilo hulipwa mwaka mzima na watu wasiokuwamo katika picha.

Kuhusu nyumba zetu

Wazazi wana zamu yao. Boti za kutazamia hujazwa kupita kiasi siku hiyo, na watoto hupandishwa bila maboya ya kuvaa. Mama anayo haki ya kumwambia mwenye boti kwamba watu wametosha, na ya kuwateremsha wanawe endapo hatasikia. Asione haya, bahari haina haya na mtu. Vijana wa kiume wafuatiliwe walipo na nani, kwa sababu ulevi na kamari hujificha ndani ya shamrashamra, na siku ya wageni mtu mwovu haonekani kirahisi.

Wasichana wasisahauliwe. Mwambao wetu una wanawake wengi wanaoishi kwa bahari, lakini katika siku ya resi mahali pa mwanamke huwa ni mbali, nyuma ya umati, hata haoni kitu. Kutengwa kwa sehemu ya ufukwe yenye kivuli, maji na staha kwa ajili ya familia si jambo gumu. Na kwa kuwa wanawake ndio wanaojua bei ya samaki imepandaje, maji yamekauka kisima kipi na mgonjwa wa jirani aliteremshwa vipi, wawili au watatu miongoni mwao wakikaa katika kamati, kamati itapata habari ambayo wanaume wengi hawanayo.

Mambo ya kuafikiana kabla ya tanga kutwekwa

Yafuatayo yanaweza kuulizwa na mtu yeyote kwa kamati ya mtaa wake, na jibu lake linapaswa kupatikana wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Kwanza, tarehe na saa zichaguliwe kwa kuwauliza manahodha na wavuvi wazee, wenye kuuangalia mwezi, ili resi isigongane na abiria wa visiwani wala na sala. Mwanzo unaweza kupangwa baada ya Alasiri, au kuwekwa siku ambayo si ya bamvua.

Pili, njia moja ya dharura iachwe wazi tangu asubuhi hadi jioni, ngazi moja ya gati ihifadhiwe kwa wagonjwa, na boti moja yenye nguvu ikae tayari bila kuchukua mtazamaji hata mmoja.

Tatu, mahali pa wageni pa kutia nanga pawekewe alama mapema, mbali na majani ya bahari na dema za wavuvi, na awepo mtu mmoja anayejulikana wa kuwapokea kwa bei iliyoandikwa.

Nne, mvuvi anayeombwa aondoe vyombo vyake apewe fidia ya siku zake kutoka katika fedha za wafadhili. Jasho la mtu halichukuliwi bure.

Tano, usafi wa kesho yake uhesabiwe kuwa ni sehemu ya resi. Zawadi ya mwisho itolewe baada ya fukwe kufagiwa, na chombo ambacho mabaharia wake hawakujitokeza kufagia kisitajwe katika washindi.

Hakuna katika haya jambo linaloondoa utamu wa resi. Nahodha atabaki nahodha, na mashua ya mtaa wenu itashangiliwa kama kawaida. Tofauti ni kwamba mama wa Siyu atafika hospitalini kwa wakati, mvuvi atalala akiwa ameshiba, na mgeni ataondoka akiwa amejua kuwa alifika kwa watu wenye dini na utaratibu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi bandari zetu na wote wanaosafiri juu ya maji, awarejeshe wavuvi wetu kwa salama kwa wake na watoto wao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoshikana mikono kabla jahazi halijatobolewa. Amin. Wabillahi tawfiq.